Mpaka Injini Izoee

Kila alipokusudia kusafiri, mkaguzi mstaafu wa mizani aliikagua pikipiki yake kwa mpango ambao hakuwahi kuugeuza. Alianza na hewa ya magurudumu, akaja kwenye mnyororo, kisha mafuta ya injini, kisha breki, na mwisho kabisa taa, hata kama safari ilikuwa ya mchana mweupe. Tangi alilifuta kwa kitambaa cha pamba ambacho hakikuruhusiwa kufuta kitu kingine chochote nyumbani mwake. Majirani walimwita Bwana Taratibu, wengine kwa heshima na wengine kwa kumcheka, naye aliwaitikia wote kwa sauti moja.

Pikipiki ilikuwa ya zamani, ya rangi ya buluu nzito. Tangu ilipochongwa silinda na kutiwa pistoni mpya, miaka mingi iliyopita, haikuwahi kumzimikia njiani hata mara moja. Alipenda kulisema jambo hilo. Alilisema kwa kinyozi, alilisema kwa daktari wa meno akiwa bado ameachama kinywa, na aliwahi kulisema msibani.

Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda mbali, katika chuo cha wauguzi ambako mpwa wake alikuwa anahitimu. Chuoni hapo kila mhitimu huvishwa beji na mzazi wake. Baba wa binti huyo alikuwa ameondoka zamani bila kuaga, na mama yake, aliyekuwa dada mdogo wa Bwana Taratibu, alikuwa amefariki binti akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni na wa kutembea kwa zamu. Kwa hiyo mzazi alikuwa mjomba. Juma lililotangulia binti alimpigia simu.

"Mjomba, utakuja kweli?"

"Nikishasema nakuja, nimekwisha kuja."

"Tunaanza saa nne. Usije ukaniachia mkuu wa chuo anivishe beji kama mtu asiye na kwao. Mikono yake baridi yule."

"Nitakuwepo kabla ya viti kupangwa."

Kisha binti akasema, kwa sauti iliyoshuka, "Na kuna jambo nataka uniambie tukiwa wawili. Kuhusu mama. Sasa nimesoma, najua pumu ni kitu gani na inataka nini. Nataka kujua jioni ile ilikwendaje hasa. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Alijibu kwamba atamwambia. Alilitamka neno hilo kama alivyotamka maneno yake yote, yaani kama mtu anayetia sahihi, na juma zima alikuwa amekusudia kulitimiza. Alikuwa hata ameifanyia mazoezi sentensi ya kwanza mbele ya kioo cha kunyolea ndevu. Sentensi ya pili ilikuwa haijapatikana.

Akaondoka mapema, koti limefungwa vifungo vyote, helmeti imekazwa kidevuni. Barabara ilikuwa nzuri na upepo ulikuwa wa wastani. Aliipita miji miwili iliyokuwa bado inafungua maduka, akavuka daraja refu, akapanda kilima na kukishuka, akaingia katika tambarare ambako barabara ilinyooka mbele yake kama ukingo wa rula. Hapo ndipo pikipiki ilipozimika.

Haikutetemeka wala haikukohoa. Ilinyamaza tu, kama mtu anayeacha kusoma katikati ya mstari. Alisimama pembeni, akashuka, akatazama mafuta, yalikuwepo. Alitazama swichi, ilikuwa mahali pake. Akapiga kiki, akapiga tena, akapumzika, akapiga kwa mguu wa pili. Injini ilizunguka kwa upole wote na haikuwaka. Aliitazama saa yake, akavua koti, akalikunja kwa mpango, akalifunga nyuma ya kiti na kuanza kusukuma.

Alisukuma mpaka kwenye njia panda, ambako palikuwa na gereji. Ilikuwa ni kontena la chuma lililotobolewa dirisha, na mbele yake paa la mabati lililosimamishwa juu ya mabomba. Chini ya paa alikuwako fundi mnene mwenye sauti kubwa. Ndani ya kontena, akiegemea dirishani katikati ya mikanda, plagi na mirija iliyoning'inia, alikuwako mke wake, ambaye ndiye aliyeuza vipuri.

"Shikamoo, mzee. Imekugomea?" aliuliza fundi.

"Marahaba. Haijanigomea. Imezimika."

"Hiyo ndiyo kugoma kwa adabu," alisema mke wa fundi kutoka dirishani.

"Ninatakiwa mahali saa nne."

"Umefika kwa mwenyewe, mzee wangu. Mimi hapa nikishindwa, basi wampelekee aliyeiunda na ujumbe wa pole. Kaa kwenye tairi hilo."

Bwana Taratibu hakukaa. Alisimama karibu, mikono nyuma, kama alivyosimama zamani madukani wakati mawe ya mizani yakipimwa.

"Injini si kama binadamu," alisema fundi akichagua spana. "Haina siri. Inataka moto, inataka mafuta, inataka hewa. Ukiinyima kimoja, inalala. Kwa hiyo tunaiuliza kimoja kimoja."

Alianza na moto. Aliifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha silinda, akaukanyaga mkono wa kiki. Cheche iliruka, nono, ya buluu. Akaja kwenye mafuta. Alilegeza skrubu ya chini ya kabureta, akayakinga mafuta katika kifuniko cha chupa, akayainua kwenye mwanga, akayanusa. Yalikuwa safi, bila maji wala takataka. Kisha akaziba tundu la plagi kwa dole gumba na kupiga kiki, na dole gumba lake kubwa lilisukumwa nje kwa nguvu, likatoa mlio kama wa kizibo.

"Haya sasa!" alisema fundi. "Mke wangu, hebu sikia mlio huu. Silinda ya zamani inasukuma kama ya jana! Nani aliyeichonga, mzee?"

"Alikwisha kufariki."

"Alijua kazi yake. Lakini kuchonga peke yake hakutoshi. Watu wanachongewa silinda, kesho yake wanapakia magunia. Wewe uliizoesha, siyo? Polepole, bila mzigo, bila mtu nyuma?"

"Niliizoesha kama nilivyoelekezwa."

"Inaonekana. Hukuibebesha kitu."

"Sikuibebesha kitu," alisema Bwana Taratibu.

Fundi alihamia kwenye hewa. Alichana ukanda mwembamba wa karatasi ya kufungia vipuri, akaushika mbele ya mdomo wa kasha la kichujio, mahali hewa inapoingilia. Injini ilikuwa imezimwa na hakuna aliyeigusa. Karatasi ikavutwa ndani taratibu, ikatulia, ikasukumwa nje. Ikavutwa tena, safari hii kwa shida, ikatetemeka kwenye kingo, ikasukumwa nje.

"Mh," alisema fundi.

Alichukua bisibisi ndefu, akaiweka ncha yake kwenye silinda na mpini wake sikioni, kama wafanyavyo mafundi wanapoitafuta beringi iliyochoka. Akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu, akahamisha ncha chini ya kabureta, akasikiliza tena.

"Kuna mtu," alisema.

"Mwanamume au mwanamke?" aliuliza mke wake.

"Mwanamke. Kifua kinampiga filimbi. Ana pumu."

"Itachukua muda gani?" aliuliza Bwana Taratibu.

"Inategemea mtu mwenyewe. Mwaka juzi basi dogo lililetwa hapa likiwa na mwalimu wa hesabu ndani ya difu, kwenye gia za magurudumu ya nyuma. Huyo alitutoa jasho. Alikuwa anabishana na kila spana." Fundi aliirudisha bisibisi kwenye silinda. "Wako ni mpole. Sasa sikiliza hali ilivyo. Hewa inaingia vizuri, lakini anaivuta yeye kabla haijafika kwenye moto. Ndiyo maana imezima bila kukohoa. Injini haina ugonjwa. Imekosa pumzi tu, kwa sababu kuna mwingine anayepumua."

"Haijawahi kunizimikia njiani," alisema Bwana Taratibu. "Tangu ilipochongwa."

"Naamini. Amekuwemo humo tangu siku hizo. Masizi yamemzunguka pande zote, siyo mgeni huyu. Alikuwa anabana pumzi, mzee. Kila ukiwasha, anabana, ili isikuzimikie. Leo ameshindwa. Hata awe nani, atabana mpaka lini?"

Fundi akainamisha kichwa upande wa mpini. Halafu akasema, "Anauliza kitu. Anasema, 'Kaka, imeshazoea?'"

Mke wa fundi alizunguka akatoka nje ya kontena, akifuta mikono kwenye kanga. Fundi alimtazama mteja wake. Lilikuwa swali ambalo fundi yeyote angelielewa, na yeye alilielewa mara moja.

Mambo yalikuwa hivi. Dada mdogo wa Bwana Taratibu, baada ya kuachwa na mumewe, alikuja na mtoto kuishi katika chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake. Alikuwa na pumu tangu utoto. Jioni moja ilimshika kuliko kawaida, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, ameinama mbele, viganja magotini, mabega yakipanda na kushuka. Zahanati ilikuwa juu ya kilima, na mganga wa zamu alikuwepo. Taa yake ilionekana kutoka uani. Pikipiki ilisimama pale pale, imefutwa, ina pistoni yake mpya. Aliyeichonga alikuwa ameonya kwamba isibebe mtu wa pili, wala isikazwe kwenye mlima, mpaka izoee. Bwana Taratibu alimweleza dada yake jambo hilo kwa upole na kwa ukamilifu. Alimwambia, "Injini bado haijazoea. Ikizoea nitakupeleka popote. Vumilia, asubuhi tutatafuta gari." Dada alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu wa kukubali, tena hakuwa na pumzi ya kubishana. Alikubali, akakaa, na kulipopambazuka alikuwa bado amekaa.

Watu walipouliza kwa nini hakupelekwa zahanati, kaka yake alijibu, "Pikipiki ilikuwa mbovu." Wote walikuwa wameiona juma lililopita imefumuliwa uani, vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza la pili. Hata mtoto aliambiwa hivyo, naye alitikisa kichwa kama mama yake.

"Hebu nipe," mke wa fundi alisema, akamnyang'anya mumewe bisibisi. Alichuchumaa, akaweka mpini sikioni, akaongea karibu na silinda. "Dada, habari za humo? Umekaa vizuri?" Akasikiliza. Akaguna. Akasikiliza tena, na uso wake ukawa kama wa mtu anayetazama chungu kikimwagika mbali na mkono wake.

"Anasemaje?" aliuliza fundi.

"Anasema tumsamehe kwa usumbufu. Anasema hapo alipo hapana taabu, ila anaogopa asije akamharibia kaka yake injini." Alisimama, akamnyooshea Bwana Taratibu bisibisi. "Haya, baba. Zungumza na ndugu yako."

Bwana Taratibu aliipokea. Aliishika kwa mikono miwili na kuitazama urefu wake. Kisha alitoa mfukoni kitambaa cha kufutia tangi, akaipangusa ncha yake mafuta, akairudisha kwa fundi.

"Dawa yake ni nini?" aliuliza.

"Dawa zipo," alisema fundi, akikwepa macho ya mke wake. "Ya kwanza ni kumjibu. Umwambie imezoea. Akilisikia hilo atatoka mwenyewe, bila spana. Lakini akitoka atapanda nyuma yako, na itabidi umpeleke alikotaka kupelekwa. Hawa hawatoki bure."

"Nyuma yangu? Mpaka chuoni?"

"Mpaka popote unapopitia. Watu wa huko watamwona, ndiyo."

"Ya pili?"

"Kuna namna ya kuvuta mafuta yote mara moja na kushikilia. Injini itaichukua hewa yote, na yeye..."

"Hapana," alisema Bwana Taratibu kabla fundi hajamaliza, na ni haki kumwekea jambo hilo upande wake. Mke wa fundi, ambaye naye alikuwa amefungua mdomo kusema neno hilohilo, aliufunga.

"Basi ya tatu. Natoa kichujio, natoboa kasha matundu makubwa. Hewa itaingia ya kuwatosha wote wawili. Ila vumbi nalo litaingia, na vumbi kwenye silinda ni msasa. Hii injini uliyoitunza hivi, mzee, haitakuwa injini tena. Itakula mafuta, itatoa moshi, itakufa kabla ya siku zake. Lakini utafika."

Bwana Taratibu aliitazama saa yake. Alilitazama kasha la kichujio, ambalo alikuwa akilifungua kila mwezi na kulipuliza kwa pampu ya mkono. Sherehe ilikuwa karibu kuanza. Alijiona akiingia katika uwanja wa chuo, kati ya mistari ya viti, na nyuma yake amekaa mwanamke aliyeinama mbele, viganja magotini, mbele ya binti yake mwenyewe.

"Toboa," alisema.

"Na swali lake?" aliuliza mke wa fundi.

"Nitamjibu nikifika. Kuna mtu mwingine anayestahili kusikia kwanza."

"Umemwambia asubiri, kwa maneno mengine."

"Nimesema nitamjibu nikifika, mama."

Mwanamke alirudi ndani ya kontena. Fundi aliwasha drili, akatoboa. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, kwa sauti nzito ya kukwaruza ambayo mwenyewe hakuwahi kuisikia, na ndani ya sauti hiyo, kama uzi ndani ya kamba, palisikika mtu akipumua.

Kutoka hapo lami iliishia, na barabara ikawa ya vumbi jekundu. Aliendesha polepole, magoti yamelibana tangi, na kati ya magoti yake pumzi ilikwenda na kurudi. Malori yalimpita na kumfunika. Alisikia mchanga ukisagika ndani ya silinda, na kila uliposagika alikunja uso. Akairudia ile sentensi ya kwanza. Ilikuwa ni hii: "Mwanangu, jioni ile pikipiki ilikuwa nzima." Aliisema kwa sauti ndani ya helmeti. Ilisemeka. Alitafuta inayoifuata, akakuta sababu. Akazipanga sababu hizo moja moja, na kila moja ilikuwa ya kweli, wala hakuna hata moja iliyoweza kusimama mbele ya muuguzi.

Palikuwa na kilima kimoja kabla ya chuo, chenye mwinuko mkali. Alipokianza, injini ilidai hewa zaidi, na pumzi iliyokuwa kati ya magoti yake ikaanza kupiga filimbi. Alilegeza mafuta, pikipiki ikalegea. Alikaza, filimbi ikapanda. Basi akazima, akashuka, akashika usukani na kuanza kusukuma. Kilikuwa kilima kirefu, kirefu kuliko kile cha zahanati. Watu waliokuwa wanashuka walimpa pole, naye aliwaitikia mpaka sauti ikamwishia, na baada ya hapo aliitikia kwa kichwa. Karibu na kilele alikuwa anahema kwa mpigo mmoja na aliyekuwa ndani, na mpita njia asingeweza kutofautisha nani alikuwa nani. Hivyo ndivyo alivyompandisha dada yake kilima, na saa nne ilikuwa imekwisha kupita.

Alipoingia uwanjani, wafanyakazi walikuwa wanapachika viti kimoja juu ya kingine. Maua ya karatasi yalikuwa yamekwisha kutolewa mezani. Mpwa wake alikuwa amesimama peke yake kwenye baraza ya mbele, katika sare nyeupe iliyonyooshwa, kipimo cha kusikilizia kifua kimening'inia shingoni, na kifuani hapakuwa na kitu. Beji ilikuwa ndani ya kiganja chake.

"Waliniita mara mbili," alisema binti. "Mkuu wa chuo akashuka kabisa na mikono yake ile. Nikamwambia, samahani sana, mjomba wangu hajawahi kuchelewa, ukiona hivi ujue kuna jambo. Wenzangu wakacheka mpaka basi. Nini kimekupata? Tazama ulivyo! Umelima?"

Bwana Taratibu alivua helmeti. Sentensi ya kwanza ilikuwa tayari ulimini.

"Pikipiki ilikuwa mbovu," alisema.

Safari hii ilikuwa kweli, na pengine ndiyo sababu ilitoka kwa wepesi vile. Binti akatikisa kichwa, kwa namna ileile aliyotikisa akiwa mtoto, kidevu kikishuka mara moja na kubaki chini.

"Kama siku ile," alisema.

Mjomba akaifuta helmeti vumbi kwa mkono wa shati.

"Nilitaka kukuhoji leo, unajua? Nilikuwa nimejiandaa kama polisi. Wakati tunasoma sura ya pumu nilikuwa najiwazia mambo mabaya, najiambia labda palikuwa na njia, labda kuna mtu hakutaka kujisumbua." Alilipangusa bega la mjomba wake vumbi kwa kiganja. "Halafu nakuona umeisukuma njia nzima kwa ajili ya beji tu. Je, kwa ajili ya mama? Basi, yamekwisha. Sitakuuliza tena. Nivishe."

Alimvisha. Pini ikamshinda mara ya kwanza, na ilipokubali, palibaki kwenye sare nyeupe, chini kidogo ya beji, alama nyeusi ya kidole. Binti aliitazama, akasema itatoka kwa sabuni.

Kisha aligeuza kichwa. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa hatua chache kutoka kwao, imezimwa, na muuguzi aliyefundishwa vizuri hawezi kuipita pumzi ya namna ile bila kusimama. Aliisogelea. Alichuchumaa, akavaa kipimo masikioni, akalipuliza bamba lake kwa sababu lilikuwa la baridi, akaliweka kwenye silinda. Alisikiliza mahali pa kwanza, akahamisha, akasikiliza pa pili, kama alivyofundishwa.

"Ni mwanamke," alisema. "Umri kama wangu hivi. Kifua kimebana, ila hewa anaipata. Nani aliyetoboa hapa?"

"Fundi."

"Alifanya vizuri. Yasizibwe matundu haya." Akaendelea kusikiliza. "Ni nani, mjomba?"

Mfanyakazi mmoja alipita na viti, wakampisha. Alipokwisha kupita, Bwana Taratibu alisema, "Ni abiria."

"Mbona kama anauliza kitu? Subiri." Binti aliinua kidole kumnyamazisha mjomba wake, ambaye hakuwa amesema neno. "Anasema, 'Kaka, imeshazoea?' Hivyohivyo. Maskini, ana adabu. Nimjibu nini?"

Alikuwa amemwinulia uso, beji yake inang'aa, anangoja. Bwana Taratibu alimtazama na kuona jinsi alivyochuchumaa, viganja magotini. Aliitazama alama ya kidole chake kwenye sare. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa fupi, na baada yake mwanamke angetoka na kusimama hapo katikati yao wawili, juani, na mambo yote mengine yangejieleza yenyewe.

"Mwambie bado kidogo," alisema.

Binti aliinama, akaweka mkono juu ya tangi la buluu kama mtu anayeweka mkono begani pa mgonjwa.

"Bado kidogo, dada," alimwambia mama yake, kwa sauti laini waliyofundishwa chuoni. "Vumilia."

Ndani ya injini ikasikika pumzi ikivutwa, ndefu, mpaka mwisho wake. Kisha ikabanwa.

Jioni hiyo pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza, na haikumzimikia njiani tena.